Bibi, watoto na wajukuu likizo pwani ya Ufaransa: Mpango uanzie kwa mzee

*Nyumba ya mawe kijijini, bahari karibu na ukoo mzima chini ya paa moja ni ndoto ya familia nyingi zenye ndugu Ulaya. Lakini ngazi, bima, baridi ya maji na umbali wa hospitali ndivyo huamua kama likizo hiyo itakuwa ya furaha au ya wasiwasi.*

Kwa familia zilizotawanyika kati ya Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na miji ya Ulaya, kukutana wote kwa pamoja si jambo dogo. Mtoto mmoja yuko Paris, mwingine London, wazazi wamebaki nyumbani na wajukuu wanamjua bibi yao kwa simu ya video.

Mzee anapopata nafasi ya kusafiri, mara nyingi hujikuta amekaa wiki tatu kwenye fleti ya ghorofa ya nne. Watoto wake wako kazini, wajukuu wako shuleni, na yeye anaangalia dirishani. Ndiyo maana zipo familia zinazoamua kuchanga fedha, kupanga nyumba kubwa kijijini karibu na bahari, na kukaa wote pamoja wiki moja au mbili.

Ufaransa ina utamaduni wa muda mrefu wa nyumba za namna hiyo. Huitwa gîte, nazo nyingi ni nyumba za zamani za wakulima zilizokarabatiwa, zenye jiko, meza ndefu na bustani. Shirikisho la Gîtes de France lilianzishwa mwaka 1955, na nyumba zake hupewa alama za masuke ya ngano, kuanzia suke moja hadi matano, kulingana na ubora.

Wazo ni zuri. Tatizo ni kwamba likizo ya vizazi vitatu hupangwa mara nyingi na kizazi cha kati, yaani watu wa miaka 35 hadi 50 wenye miguu yenye nguvu na afya njema. Wao huangalia picha za bahari. Mzee wa miaka 75 mwenye shinikizo la juu la damu na goti bovu anahitaji kuangaliwa ngazi.

Chagua eneo kabla ya nyumba

Pwani ya Ufaransa si moja. Ile ya kusini, kwenye Bahari ya Mediterania, ina maji ya uvuguvugu na jua kali, lakini Julai na Agosti hujaa watu na bei hupanda sana. Upande wa magharibi na kaskazini, kuanzia Charente-Maritime na Vendée hadi Bretagne na Normandie, kuna vijiji vingi, mashamba yanayofika ukingoni mwa bahari na hali ya hewa ya wastani.

Kwa mzee, hali hiyo ya wastani ina maana kubwa. Joto kali la Agosti 2003 liliua watu takriban 15,000 nchini Ufaransa, wengi wao wakiwa wazee. Nyumba nyingi za vijijini hazina kiyoyozi. Tangu wakati huo serikali hutoa tahadhari za joto kwa rangi, kuanzia kijani, njano, chungwa hadi nyekundu, na familia inapaswa kuzifuatilia hata ikiwa kaskazini.

Bretagne inafikika bila kuendesha gari siku nzima. Treni ya kasi kutoka Paris hufika Rennes kwa takriban saa moja na nusu, na kutoka hapo kuna treni za kwenda Saint-Malo, Vannes, Quimper na Brest. Baada ya kituo cha mwisho, hata hivyo, gari ni lazima. Mabasi ya vijijini ni machache, na duka la dawa linaweza kuwa kijiji cha pili.

Magari ya kukodi yanayobeba watu tisa pamoja na dereva huendeshwa kwa leseni ya kawaida. Asiye na leseni ya Ulaya abebe leseni ya kimataifa au tafsiri rasmi ya Kifaransa. Akumbuke pia kwamba Ufaransa magari hupita kulia, kinyume na Tanzania, Kenya na Uganda. Mtoto wa chini ya miaka 10 hukaa nyuma kwenye kiti chake maalumu, kwa hiyo idadi ya viti hivyo iagizwe mapema.

Maswali ya kumuuliza mwenye nyumba

Nyumba za mawe za Bretagne hupendeza kwa picha, lakini nyingi zina ngazi nyembamba za mbao zenye mwinuko mkali, milango mifupi na vyumba vilivyowekwa chini ya paa. Kuanguka ni miongoni mwa ajali zinazowaumiza wazee zaidi, na hatari huongezeka usiku katika nyumba wasiyoizoea.

Kabla ya kulipa rubuni, familia iulize maswali haya na iombe picha:

- Je, kuna chumba cha kulala na choo chini, bila kupanda ngazi?
- Kama ngazi zipo, ni ngapi, na zina mhimili wa kushika pande zote mbili?
- Bafu ni shawa ya kuingia moja kwa moja au ni beseni refu lenye ukingo wa kuruka?
- Kutoka mahali pa kuegesha gari hadi mlangoni kuna kokoto, majani au sakafu?
- Mtandao wa simu unashika ndani ya nyumba?
- Kama kuna bwawa la kuogelea, limelindwa kwa njia gani?

Swali la mwisho lina nguvu ya sheria. Tangu sheria ya mwaka 2003, mabwawa ya nje yaliyochimbwa kwenye nyumba binafsi Ufaransa yanatakiwa yawe na angalau kinga moja kati ya nne: uzio, king'ora, kifuniko au kibanda kinachofunika bwawa lote. Mwenye nyumba asiyeweza kueleza kinga yake ni ipi, nyumba hiyo iachwe.

Lipo pia suala ambalo matangazo ya nyumba hayaligusi. Choo cha Ufaransa huwa na karatasi tu, na mara nyingi hakiko chumba kimoja na bafu. Mzee aliyezoea kujisafisha kwa maji atapata shida na pengine ataona haya kusema. Kopo au birika la plastiki likiwekwa chooni siku ya kwanza, shida imekwisha.

Vivyo hivyo kwa wakwe. Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki, baba mkwe kupishana na mkamwana akiwa amejifunga taulo ni jambo la aibu kwa wote wawili. Nyumba yenye mabafu mawili ni heshima, hata kama imezidi bei kidogo.

Juni na Septemba zina nafuu

Shule za Ufaransa hufungwa mwanzoni mwa Julai hadi mwisho wa Agosti. Katika kipindi hicho, hasa katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti, nyumba hupangishwa kwa wiki nzima, Jumamosi hadi Jumamosi, na bei huwa juu kabisa.

Juni na Septemba bei hupungua, fukwe hupumua na barabara huwa nyepesi. Kwa familia zenye watoto wanaosoma Tanzania, likizo ya katikati ya mwaka huangukia Juni. Lakini wajukuu wa Ulaya wakati huo bado wako darasani, na kipindi ambacho wote wako huru kinaweza kuwa wiki moja tu mwanzoni mwa Julai. Kalenda za shule zilinganishwe kwanza, kabla ya mtu yeyote kununua tiketi.

Mwishoni mwa Juni jua la Brest huzama baada ya saa nne usiku. Watoto hukataa kulala kwa madai kwamba bado ni mchana, na kwa Waislamu sala ya Magharibi huja saa ambayo nyumbani mzee angekuwa ameshalala. Nyumba nyingi zina mbao za kufunga madirisha kwa nje. Zifungwe mapema kwenye chumba cha watoto. Mzee naye apewe usingizi wa mchana bila kusumbuliwa.

Viza: Mtego wa wanaoishi Uingereza

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na kwa kawaida si chini ya siku 15. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12. Walio chini ya miaka 6 hawalipi. Viza hiyo huruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180.

Wapo wanaodhani kwamba ndugu anayeishi London kwa kibali halali anaweza kuvuka tu. Kibali cha kuishi Uingereza hakimruhusu mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki kuingia Ufaransa. Naye anahitaji viza, na huiombea huko huko Uingereza.

Mgeni anayefikia nyumbani kwa ndugu huombewa hati ya mwaliko inayotolewa na ofisi ya meya wa eneo la mwenyeji. Familia inayopanga gîte huonyesha mkataba wa nyumba, hivyo ni busara majina ya wageni wote yaandikwe humo. Watoto wanaosafiri na babu na bibi bila wazazi wao wabebe barua ya idhini ya wazazi iliyothibitishwa na wakili.

Bima isifichwe ugonjwa

Sheria za Schengen zinataka bima ya safari yenye kiwango kisichopungua euro 30,000, inayogharamia matibabu ya dharura, kulazwa na kurudishwa nyumbani, pamoja na kusafirisha mwili endapo msafiri atafariki. Hilo la mwisho ni zito kulitamka mbele ya mzee, lakini ndilo linalozuia familia kuanza kuchangishana kwa vikundi vya simu wakati wa msiba.

Hatari kubwa iko kwenye fomu. Bima nyingi za bei nafuu hazigharamii ugonjwa ambao mtu alikuwa nao kabla ya safari. Mtoto anayejaza fomu ya mama yake akaacha kutaja kisukari au moyo ili gharama ishuke, anaweza kukataliwa malipo siku mama atakapolazwa kwa ugonjwa ule ule. Ugonjwa utajwe, na bima ichaguliwe ambayo imekubali kwa maandishi kuubeba.

Hapa wazee nao wana sehemu yao. Wengi huficha maumivu kwa kuogopa watoto wataahirisha safari. Kifua kinachobana wakati wa kupanda mlima mdogo, miguu inayovimba jioni au kizunguzungu cha asubuhi ni mambo ya kusema mapema, kwa sababu huenda yakatibika kabla ya siku ya kuondoka.

Wiki sita kabla: Kumwona daktari

Msafiri mwenye ugonjwa wa kudumu amwone daktari wake angalau wiki nne hadi sita kabla. Muda huo unatosha kubadilisha dawa na kuona kama mwili umeikubali, na pia kukamilisha chanjo ya mafua au nyingine atakazoshauriwa.

Dawa zote zibebwe kwenye begi la mkononi, kwenye pakiti zake za asili, pamoja na cheti cha daktari chenye jina halisi la kila dawa na kipimo chake. Jina la kibiashara la dawa linaweza kutofautiana kati ya nchi na nchi, ila jina la kitaalamu humsaidia mfamasia wa Ufaransa kuelewa. Dawa za siku saba za ziada ziongezwe, kwa sababu mizigo hupotea na ndege huahirishwa.

Insulini isiwekwe kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege, kwani inaweza kuganda kwa baridi na kuharibika. Dawa za maji zinazohitajika safarini haziingii katika kikomo cha mililita 100, mradi zionyeshwe kwenye ukaguzi pamoja na cheti. Ndani ya nyumba insulini ya akiba ikae kwenye friji, mbali na sehemu ya kugandisha.

Habari njema ni kwamba saa hazisumbui sana. Majira ya joto Ufaransa iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja tu, na majira ya baridi kwa saa mbili. Mzee anayekunywa dawa saa mbili asubuhi hahitaji hesabu ngumu.

Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Paris huchukua zaidi ya saa nane. Kukaa bila kusogea kwa zaidi ya saa nne huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, hasa kwa wazee, wajawazito, waliofanyiwa upasuaji karibuni, wenye saratani na wanaotumia baadhi ya dawa za homoni. Dawa yake ya kwanza ni kutembea ndani ya ndege, kuchezesha vifundo vya miguu na kunywa maji. Soksi za kubana au dawa za kuzuia kuganda ni za kuamuliwa na daktari, si za kuazimana.

Asiyeweza kutembea mwendo mrefu aombewe kiti cha magurudumu. Katika viwanja vya ndege vya Umoja wa Ulaya huduma hiyo ni bure, na hutakiwa kuombwa angalau saa 48 kabla. Haimaanishi kwamba mzee ni mgonjwa. Inamaanisha atafika akiwa na nguvu ya kuwakumbatia wajukuu.

Homa baada ya kufika

Jambo hili linaweza kuokoa maisha. Mtu aliyetoka eneo lenye malaria anaweza kuugua akiwa Ufaransa, kwani dalili huanza siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, na kwa kawaida ndani ya miezi mitatu. Daktari wa kijijini Bretagne hukutana na mafua kila siku, lakini malaria ni nadra kwake.

Mgeni yeyote atakayepata homa, kutetemeka au kuumwa kichwa sana aseme bila kusubiri kuulizwa kwamba ametoka Afrika Mashariki, na aombe apimwe malaria siku hiyo hiyo. Wajukuu waliozaliwa Ulaya ambao walikwenda kumtembelea bibi Tanga au Kisumu miezi miwili iliyopita wako kwenye kundi hilo hilo, tena wao hawana kinga ya kujijengea.

Bahari ile si ya nyumbani

Mtu wa Unguja, Lamu au Bagamoyo anajua maji kujaa na kupwa, bamvua na maji mafu. Elimu hiyo ni ya thamani Bretagne, ila vipimo ni vingine. Unguja tofauti ya maji wakati wa bamvua ni takriban mita nne. Kwenye ghuba ya Mont-Saint-Michel hupita mita 12. Mchanga ulioachwa wazi kwa kilomita kadhaa hufunikwa tena kwa saa chache, na watu hunaswa kwenye miamba au visiwa vidogo walivyofikia kwa miguu.

Ratiba ya maji hupatikana ofisi za utalii, na huonyesha pia namba ya nguvu ya maji, kuanzia 20 hadi 120. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo maji yanavyokwenda mbali na kurudi kwa nguvu. Ratiba hiyo ibandikwe jikoni, na wanaotoka kuokota kome wageuke kurudi kabla maji hayajaanza kujaa.

Tofauti ya pili ni baridi. Majira ya joto maji ya Bretagne huwa kati ya nyuzi joto 16 na 19 hivi, wakati Bahari ya Hindi kwenye pwani yetu kwa kawaida huwa juu ya 25. Kujitupa ghafla kwenye maji ya namna hiyo hufanya mtu atwete bila kujizuia, moyo uende mbio na shinikizo la damu lipande. Mwenye ugonjwa wa moyo aingie taratibu, alowanishe mikono, shingo na kifua kwanza, au abaki kutembea ukingoni.

Kwenye fukwe zenye waokoaji, bendera ya kijani humaanisha kuogelea kunaruhusiwa bila hatari maalumu, njano ni tahadhari, nyekundu ni marufuku. Eneo linalolindwa huwekewa mipaka kwa bendera zenye rangi nyekundu juu na njano chini. Watoto waogelee humo tu.

Hata hivyo, mwokoaji hachukui nafasi ya familia. Watu wazima wanapokuwa wengi, kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia, na mtoto huzama kimyakimya. Familia ipange zamu za dakika 20 hadi 30: mtu mmoja, jina lake limetajwa, simu mfukoni, macho majini. Bibi asiyejua kuogelea asipewe zamu hiyo peke yake.

Baadhi ya fukwe za Bretagne, hasa kwenye ghuba ya Saint-Brieuc, hupata marundo ya mwani wa kijani. Mwani huo ukioza hutoa gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo kwa kiwango kikubwa ni sumu. Ufukwe uliofungwa kwa sababu hiyo usiingiwe, na watoto wasicheze juu ya marundo.

Anayetembea kwenye majani marefu avae suruali ndefu na ajikague jioni, kwani kupe wa Ulaya wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme. Kifaa kidogo cha kumng'oa kupe huuzwa maduka ya dawa. Doa jekundu linalotanuka kama duara siku au wiki kadhaa baadaye ni sababu ya kumwona daktari, hata kama mtu amesharudi nyumbani.

Ukiugua kijijini

Vijiji vya Ufaransa, pamoja na utajiri wa nchi hiyo, vina uhaba wa madaktari. Wafaransa wenyewe huviita jangwa la tiba. Baadhi ya hospitali ndogo hazipokei dharura usiku bila mgonjwa kupiga simu kwanza. Kwa hiyo kufunga safari usiku kuelekea hospitali iliyo karibu kwenye ramani si mpango.

Namba ya dharura ya kitabibu ni 15. Namba 18 ni ya zimamoto na uokoaji, 196 ni ya ajali za baharini, na 112 hufanya kazi Ulaya nzima. Anayepokea simu ya 15 ni huduma inayoamua kama litumwe gari la wagonjwa, daktari au ushauri tu, hivyo huuliza maswali mengi.

Swali la kwanza huwa: mko wapi? Nyumba nyingi za vijijini hazina jina la mtaa linalojulikana. Hutajwa kwa jina la kitongoji, na Bretagne mengi huanza na Ker. Jina la kitongoji, jina la wilaya ndogo, namba ya posta na alama ya ramani viandikwe kwenye karatasi kubwa na kubandikwa kwenye friji, pamoja na magonjwa na dawa za kila mzee. Hata mjukuu wa miaka 10 anayejua Kifaransa anaweza kuisoma kwenye simu.

Kwa matatizo madogo, duka la dawa lenye msalaba wa kijani ni mahali pazuri pa kuanzia. Ada ya kawaida ya kumwona daktari wa familia ni euro 30, na mgeni hutakiwa kulipa mwenyewe kisha kuidai bima. Karatasi zote zitunzwe.

Chumvi, siagi na nguruwe

Chakula cha Bretagne ni kitamu na kizito. Siagi ya huko ina chumvi, keki ya kouign-amann ni siagi na sukari tupu, na galette, mkate mwembamba wa kukaanga, mara nyingi huwekwa nyama ya nguruwe. Cidre inafanana na juisi ya tufaha lakini ina kilevi. Wasiokula au kunywa vitu hivyo waulize kabla ya kuagiza, na nyama ya halali ni bora inunuliwe mji mkubwa, kama Rennes au Brest, na kugandishwa.

Wajawazito waepuke jibini ya maziwa yasiyochemshwa na chaza wabichi. Wazee wenye maradhi ya ini au kinga dhaifu nao wale chaza waliopikwa. Uokotaji wa kome na chaza hupigwa marufuku mara kwa mara kwenye baadhi ya maeneo kwa sababu ya uchafuzi. Tangazo huwekwa ufukweni na ofisi ya meya.

Kwa mwenye kisukari, tatizo kubwa huwa saa za kula. Familia ikiamka saa nne, ikala mchana saa tisa, mzee aliyejidunga insulini asubuhi ataporomoka sukari. Yeye apate chakula chake kwa saa zake, hata kama wengine bado wamelala.

Nani atapika, nani atalipa

Nyumba ikipatikana na viza zikitoka, ugomvi hubaki kwenye sufuria. Katika likizo nyingi za ukoo, mama mkubwa wa familia hugeuka mpishi na mlezi wa watoto wote, wakati waliomwalika wametoka kutembea. Wengine hawalalamiki kwa sababu wamelelewa kutolalamika. Wanarudi nyumbani wamechoka kuliko walivyoondoka.

Zamu za kupika ziandikwe kwa majina, wanaume wakiwamo. Bibi akitaka kupika pilau siku moja, apike kwa furaha yake na si kwa wajibu. Aulizwe pia, kwa uwazi, kama anapenda kubaki na watoto na kwa saa ngapi.

Fedha zizungumzwe kabla. Bei ya nyumba kwenye tangazo mara nyingi haijumuishi mashuka, usafi wa mwisho na kodi ya utalii. Si lazima ndugu wote wachangie sawa. Anayelipia tiketi za wazazi anaweza kusamehewa sehemu ya nyumba. La muhimu ni kila mmoja ajue kiwango chake kabla ya rubuni kulipwa, na mzee asisikie hesabu hizo zikijadiliwa mezani kana kwamba yeye ni mzigo.

Ratiba nayo iwe nyepesi: shughuli moja ya pamoja kwa siku inatosha. Njia ya watembea kwa miguu ya GR34 huzunguka pwani ya Bretagne kwa takriban kilomita 2,000, na vijana wanaweza kutembea kipande chake asubuhi huku wazee wakisubiriwa kwa gari mahali penye benchi. Kwa mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu, chumba chake kiachiwe taa ndogo usiku, mlango wa nje ufungwe na mtu anayemzoea alale karibu, kwa sababu mazingira mapya huongeza kuchanganyikiwa.

Ratiba ya maandalizi kwa ufupi

- Miezi sita hadi minane kabla: linganisha kalenda za shule, kubalianeni michango, ulizeni kuhusu ngazi na choo, wekeni nafasi ya nyumba.
- Miezi mitatu hadi minne kabla: maombi ya viza na bima inayotaja magonjwa yote.
- Wiki sita kabla: daktari, chanjo, cheti cha dawa chenye majina ya kitaalamu.
- Wiki moja kabla: ombi la kiti cha magurudumu, dawa kwenye begi la mkononi, nakala za pasipoti na bima kwenye simu za watu wawili.
- Siku ya kuwasili: kagueni ngazi na bwawa, bandikeni anwani na namba 15 kwenye friji, ratiba ya maji jikoni, kopo chooni, zamu za kupika ukutani.
- Miezi mitatu baada ya kurudi kutoka eneo lenye malaria, au kwa mgeni aliyetoka huko: homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo.